Kumpeleka Mama Guyo Merti kwa Lori Linalozimika

Mmeniuliza mara nyingi tangu nirudi kilichotupata njiani, na kila mara nimewajibu kwa mkato, "Pampu," kisha nikaagiza chai nyingine. Sikuwa na nguvu ya kusimulia. Mgongo unauma, macho bado yana vumbi, na kuna jambo moja katika safari ile ambalo siwezi kulisema hotelini watu wa kila namna wakiwa wametega masikio. Basi leo nimekaa nyumbani hapa Wabera, mke wangu ameenda kanisani, nawaandikia nyinyi rafiki zangu wa stendi kila kitu tangu mwanzo.

Lori langu mnalijua. Ni lile kuukuu la dizeli ambalo soko zima huliita Shangazi, kwa sababu halitoki mahali mpaka libembelezwe. Ekai pia mnamjua, tanboi wangu, msaidizi wa lori, Mturkana wa Ngaremara, mtu mwenye wajukuu na bado ana mdomo wa kijana wa boda. Na Mama Guyo, yule Mborana anayeuza maziwa ya ngamia ng'ambo ya pale tunapoegesha, nadhani hakuna kati yenu ambaye hajanywa chai ya maziwa yake.

Kuondoka Isiolo

Mzigo tulikuwa tumepakia tangu jioni: unga, sukari, viazi na kabichi kutoka kwetu juu Meru, vyote vya maduka ya Merti. Asubuhi, tukiwa tunakaza turubai, nilimwona Mama Guyo akija mbio. Mama Guyo si mtu wa kukimbia. Mtandio ulikuwa umemteleza mabegani na hakuwa na habari nao.

"Baba Kendi," aliniita kwa jina la binti yangu kama kawaida yake, "mama yangu amekufa. Amekufa kabla ya swala ya asubuhi. Ndugu yangu Huka amepiga simu saa hii."

"Pole, Mama Guyo. Pole sana."

"Leo wanazika. Nyinyi mnaweka maiti wiki mbili, mnafanya harambee. Sisi hatuweki. Lakini Huka amesema wataningoja mpaka alasiri. Nataka kumwosha mimi. Mama alinishika mkono akaniambia, wewe ndio utaniosha, si mtu mwingine. Nibebe, Baba Kendi."

Kwao maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na binti ndiye mwenye haki ya kwanza. Hilo sikulijua vizuri. Alinieleza baadaye njiani. Marehemu mwenyewe alikuwa amemwosha mama yake, na alitaka naye afanyiwe vivyo hivyo na mtoto aliyemzaa. Hakukuwa na gari lingine la kwenda Merti saa hiyo. Basi lilikuwa limeondoka siku iliyotangulia, na pikapu za miraa zilikuwa bado ziko Maua zikipakia. Nilipiga hesabu ya njia kichwani nikaona kwamba hata Shangazi kwa mwendo wake wa kujivuta atafika adhuhuri haijapita sana. Nikamwambia apande.

Alizunguka upande wa kushoto, ule wenye tangi la dizeli, akasimama pale na kifurushi chake akingoja tumalize kufunga kamba. Nilikuwa nimejaza tangi mpaka mdomoni, na mpira wa mfuniko wake umekwisha siku nyingi, kwa hiyo dizeli ilikuwa ikichuruzika kidogo ubavuni. Ni jambo nililolizoea. Tukapanda watatu mbele, Mama Guyo dirishani, Ekai katikati akiwa amekunja miguu, na tukaondoka.

Ngaremara

Hatukuwa tumeenda mbali. Karibu na Ngaremara lori lilianza kukosa nguvu. Nakanyaga mafuta, halisikii. Likakohoa, likajivuta, likazima kabisa, nami nikaliacha liteleze hadi pembeni mwa lami.

Dizeli ikikatika, kazi ni ileile mnayoijua. Niliinua kiti na kifuniko cha injini, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, nikapampu kwa mkono. Badala ya dizeli safi likatoka povu. Nikamwambia Ekai akapime tangi. Akachukua kijiti, akaenda upande wake, nami nikasikia akipaaza sauti, "Mafuta iko, mzee! Mpaka juu!"

Kuzima Ngaremara ukiwa na Ekai ni kosa kubwa, kwa maana huko ni kwao. Kabla sijafuta mikono dada yake mkubwa alikuwa amefika na birika la chai ya rangi, na nyuma yake watu wa rika zote wakitusalimia, "Ejoka! Ejoka!" Huwezi kukataa chai ya dada wa tanboi wako. Mama Guyo alipokea kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili, akakirudisha kikiwa vilevile.

Mjomba wa Ekai, mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya jeshi, aliinamia injini mikono ikiwa nyuma. "Ni filta," akasema. "Hii dizeli yenu ya siku hizi iko na takataka. Toa filta weka ingine."

Nilikuwa na filta mpya chini ya kiti. Nikaibadilisha, nikatoa hewa, nikapiga stata. Shangazi akawaka mara moja. Wote wakapiga makofi, mjomba akatazama kando kama mtu aliyekwishajua. Na mimi nilimpongeza kwa dhati, nikaahidi kumletea sukari wakati wa kurudi.

"Sasa tutafika?" Mama Guyo akaniuliza.

"Tutafika."

Archer's Post

Shangazi alikwenda vizuri kwa muda, vizuri hata Ekai akaanza kuimba, kisha akamkumbuka mfiwa akanyamaza. Tulipoanza kuziona nyumba za Archer's nguvu zikapotea tena. Nikakanyaga, halisikii. Lori likazima mbele ya hoteli ya ndengu.

Nikafungua, nikatoa hewa. Povu tena. Ekai akapima tangi, mafuta yapo. Fundi wa pale, Msamburu aliyevaa ovaroli juu ya shanga zake, alikuja bila kuitwa. Alifuata bomba la dizeli kwa kidole kutoka tangini hadi kwenye pampu, polepole, akinusa kila kiungio.

"Inavuta hewa hapa," akasema. "Hii paipu imechoka."

Akatuma mtu alete sabuni ya kipande. Akaikanda mpaka ikawa laini, akapaka viungio vyote, akavizungushia uzi wa gunia, akapaka tena. Ekai alisema kwamba huyu ni daktari wa kweli, si kama mjomba wake. Nikapiga stata na lori likawaka. Kila kilichofanywa siku hiyo kilifanya kazi, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa yetu.

Tukala ndengu na chapati tukiwa wima. Mama Guyo hakula. Alikuwa amesimama kando ya barabara akitazama tulikotoka, na ndipo pikapu ya miraa ilipofika, moshi na honi, imejazwa magunia mpaka juu ya kebini. Dereva alimjua. Alitoa kichwa akamwita kwa Kiborana, kisha akaniambia mimi, "Mzee, iko nafasi moja hapa mbele. Anaenda ama haendi? Mimi sisimami."

Mama Guyo alinigeukia. Nakumbuka alikuwa tayari ameshika kifurushi chake.

"Baba Kendi, hii gari yako imepona?"

Nililitazama lori likinguruma, injini imetulia, sabuni nyeupe ikimetameta kwenye viungio. Niliona pia ile pikapu na yule dereva aliyekuwa na shavu limejaa miraa, na jinsi wanavyokimbiza magari hayo kwenye changarawe mpaka yanapinduka. Nikamjibu nilichoamini.

"Imepona, Mama Guyo. Kaa na sisi, utafika mzima."

Alimpungia dereva mkono aende. Pikapu ikaondoka na vumbi lake. Nimelala na jibu lile kila siku tangu nirudi, na bado sijui ningemjibu nini kingine.

Baada ya lami

Mbele kidogo ya daraja la Ewaso Nyiro tuliacha lami tukashika njia ya mashariki. Wenye kuijua njia hiyo hawahitaji kuelezwa, na asiyeijua hata nikieleza hataamini. Mawe, mchanga, mawe tena, na joto linaloingia kebini likakaa nanyi kama abiria wa nne. Viazi vilikuwa vikigongana nyuma. Hapo Mama Guyo akaanza kuzungumza, sidhani ni nasi. Alisema mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mkali, ambaye hakuruhusu mtu mwingine amsuke nywele. Alisema anajua alama zote za mwili wake, kovu la moto kwenye bega, kidole cha mguu kilichopinda, na kwamba mtu asiyezijua atamwoshaje?

Shangazi akazima.

Safari hii sikuwa na mjomba wala daktari. Nilitoa hewa. Nililegeza bomba, nikaweka mdomo, nikapuliza kuelekea tangini mpaka masikio yakaziba, nikameza dizeli. Bado ninaisikia kwenye chai, ndiyo maana mnaniona nakunywa nusu nusu. Ekai akapima tangi. Mafuta yapo. Lori likawaka, likaenda, na kabla hatujapata hata baridi ya mwendo likazima tena.

Hapo tukagombana, mimi na Ekai. Nilimwambia hajui kukaza viungio. Akaniambia Shangazi ni wa kuuzwa kwa kilo. Tulikuwa tumesimama juani tukinyoosheana vidole vyeusi, watu wazima wawili, na Mama Guyo akitutazama kutoka dirishani. Ndipo nikaona haya.

Wachungaji wawili walitokea na ngamia wao. Tukasalimiana, salaam aleikum, nagaya, habari za mvua, habari za malisho, taratibu zote, kwa sababu huko hata ukiwa unaungua lazima usalimiane kwanza. Nikawaonyesha injini, nikajaribu kueleza kwa ishara kwamba inakosa kunywa. Mmoja akaitikia kwa kichwa, akaondoka kwa mwendo mrefu. Tukangoja, tukidhani ameenda kuita mtu. Akarudi kutoka mbali akiwa amebeba jerikeni ya maji begani, jasho likimtiririka, akatuambia kwa furaha tulipe lori linywe. Alikuwa ameyatoa kwenye maji ya mifugo yake. Ningefanya nini? Nilifungua rejeta ambayo haikuwa na kiu, nikatia kidogo, nikamshukuru kwa mikono miwili. Mama Guyo alicheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo, kicheko kifupi kilichogeuka kikawa kilio kabla hakijaisha.

Ekai akapima tangi tena, lori likawaka, na kwenye kilima kimoja simu ya Mama Guyo ilipata mtandao. Aliongea na Huka kwa Kiborana, sauti ikipanda. Alipokata akatuambia kwa Kiswahili, "Wanasema jua ni kali. Wazee wanasema maiti imekaa. Huka anabishana nao. Amesema alasiri ni alasiri, hawezi kuongeza."

"Tutafika," nikasema. Lilikuwa limeshakuwa neno la mdomoni tu.

Biliqo

Lori lilitufikisha Biliqo likijikokota, likazima kwenye kivuli cha duka la kwanza. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikutaka hata kushuka. Ekai alishuka akaenda dukani kuuliza kama kuna hata waya wa kufungia bomba. Mama Guyo alitawadha kwa maji ya chupa, akatandika leso yake kando ya lori, akaanza kuswali.

Kwa kuwa Ekai hakuwapo, tangi nikaenda kulipima mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza tangu tuondoke Isiolo kupita upande huo. Nikashika mfuniko, nikauzungusha, haukutaka. Nikakaza mkono. Ulipoachia, tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, fyuuu, mpaka nikarudi nyuma hatua moja.

Chini ya mfuniko kulikuwa na nailoni. Kipande kisafi, kile cha ndani ya gunia la sukari, kimekunjwa mara mbili na kutandazwa vizuri juu ya mdomo wa tangi, hakina mkunjo hata mmoja. Kilikuwa kimeziba mdomo, na kimeziba pia kile kitundu cha mfuniko kinachoingiza hewa. Mnajua maana yake. Injini inanyonya dizeli, hewa haiingii kushika nafasi, tangi linajivuta lenyewe kwa ndani mpaka pampu inashindwa. Inaanza kunyonya povu kwenye viungio, lori linazima. Ukifungua kupima, hewa inaingia, na lori linapona. Mjomba na filta yake, daktari na sabuni yake, mimi na dizeli niliyomeza, wote hatukuwa tumetengeneza kitu. Kilichokuwa kikitutoa kila mahali ni kijiti cha Ekai.

Ekai akarudi na waya mkononi. Nikamwonyesha ile nailoni.

"Hii ni nini?"

"Si ni wewe uliweka?" akasema. "Nilijua ni wewe, ya kuzuia kumwagika. Nimekuwa nikirudisha vizuri kila saa."

"Si mimi."

Tukatazamana. Sote wawili tumekunywa maziwa ya soko lile miaka na miaka. Tumewaona wale akina mama wakifunga jerikeni kabla hazijapandishwa juu ya pikapu. Hukata nailoni, huikunja mara mbili, huitandaza mdomoni, hukaza mfuniko juu yake, ili hata zikirushwarushwa njia nzima lisidondoke tone. Mkono ulioikunja nailoni ile tuliujua kama tunavyojua chapati ya nyumbani. Alikuwa amesimama pale asubuhi, kifurushi mkononi, akaona dizeli ya kumfikisha kwa mama yake inachuruzika chini, naye akafanya anachofanya kila siku ya maisha yake.

Mama Guyo alikuwa amesujudu, paji la uso kwenye leso, hatua chache kutoka kwetu.

"Ala!" Ekai akaanza. "Yaani ni yeye ame..."

Nikamshika kola. Sijawahi kumshika Ekai kola. "Ukisema neno moja," nikamwambia kwa sauti ya chini, "wewe unashukia hapa Biliqo, na mimi na wewe kazi imeisha."

Alinitazama, kisha akamtazama yule mama. Mdomo wake, ule mdomo wa boda, ukafunga. "Sijaona kitu, mzee," akasema. Nikaisokota nailoni nikaitia mfukoni.

Alipomaliza kuswali nilimwambia tumepata dawa sasa, bomba lilikuwa limeziba. Akakunja leso yake. Tulipanda, na Shangazi akakimbia. Ndugu zangu, lori hilo lilikimbia siku hiyo kuliko nilivyowahi kuliona tangu nilinunue, kupitia Bulesa na mbele yake, juu ya mawe na ndani ya lugga, ile mito mikavu ya mchanga, halikohoi, halichoki, na kadiri lilivyovuta vizuri ndivyo moyo wangu ulivyokuwa mzito. Huo ndio mwendo tuliopaswa kuwa nao tangu asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wetu wa nyuma.

Merti

Tulipoingia Merti tulikutana na wanaume wakitembea kwa makundi kutoka upande wa makaburini, kofia kichwani, vumbi mikononi na kwenye kanzu. Hakuna aliyehitaji kutuambia kitu. Mama Guyo alifungua mlango kabla sijasimama vizuri.

Mmoja wa wale wanaume alitoka kundini akaja kumshika. Alikuwa Huka, ndugu yake, mtu mnene mwenye ndevu nyekundu za hina, dereva wa lori la maji kwa miaka mingi. "Nilijaribu, dada," alimwambia. "Wallahi nilijaribu." Nilisikia wanawake wakiulizwa na kujibu, na jina la mke wa jirani likitajwa. Ndiye aliyemwosha, yeye na binti zake. Mama Guyo hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale barabarani, akafungua mikono yake, akawa anaitazama.

Sisi tulishusha mzigo madukani. Nilitaka kulala juu ya magunia na kuondoka bila kuonana na mtu, lakini Huka alitufuata. Huwezi kumleta mtu kwenye matanga ukaenda bila kula. Tukakalishwa kwenye mkeka nje ya nyumba, tukaletewa wali na nyama ya mbuzi na chai nzito ya maziwa. Ekai alikula kwa niaba yetu wote wawili. Jua lilikuwa halijazama bado. Mama Guyo alikuja akakaa pembeni ya mkeka na wanawake wawili, macho yamevimba, na Huka akamwuliza kwa Kiswahili, kwa heshima yetu wageni, ilikuwaje tukachelewa namna hiyo.

"Gari ya Baba Kendi ilikuwa inazima," alisema. "Inazima, inawaka, inazima. Wamehangaika, maskini. Huyu amekunywa mpaka dizeli. Na mimi nilisaidia vile naweza. Mafuta ilikuwa inamwagika kwa tangi, nikaifunga na nailoni kama maziwa, nikakaza sana, nikasema Bismillahi, isipotee hata tone moja mpaka nifike kwa ayyo, kwa mama. Lakini Mungu hakupenda."

Huka aliacha kutafuna.

Mtu aliyeendesha dizeli maisha yake yote haelezwi jambo kama hilo mara mbili. Nilimwona akilifuata lile bomba kichwani mwake, kutoka tangini mpaka kwenye pampu. Akainua macho akanitazama. Mimi nilitikisa kichwa kidogo sana, na nadhani machoni mwangu alisoma yaliyobaki, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umeenda wenyewe mfukoni. Ekai aliinamia sahani yake kama anayetafuta kitu ndani ya wali. Nilikuwa na neno tayari, la pampu, la uzee wa Shangazi, lakini Huka akawahi.

"Ulifanya vizuri, dada," alisema. "Kama hungefunga, mafuta ingeisha kwa njia. Hata hapa hungefika leo."

Mama Guyo alimgeukia, kisha akanigeukia mimi, kama mtu anayetaka shahidi wa pili.

"Ni kweli, Baba Kendi?"

"Ni kweli, Mama Guyo."

Alivuta pumzi. Akaiweka mikono yake miwili juu ya magoti, viganja juu. "Basi," alisema, "iko kitu hii mikono ilifanya leo."

Akachukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake tangu tukae, akanywa mpaka kikaisha. Hiyo ndiyo safari, na ndiyo sababu nikiulizwa hadharani nasema ni pampu. Amerudi sokoni tangu juzi, mtamwona. Mkienda kunywa chai ya maziwa yake, mpeni pole ya mama yake, na haya niliyowaandikia yasiwatoke mdomoni.